Mgomba Ambao Hatukuuzika

Msomaji mmoja wa Babati alinipigia simu baada ya kusoma sehemu ya wiki iliyopita ya kisa hiki. Hakunisalimia. Aliuliza tu, "Hivi wewe ni binadamu?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Akakata simu. Simlaumu, maana hata mimi ningekuwa na namna ya kujikatia simu ningeshafanya hivyo.

Kwa wewe unayekutana na kisa hiki leo kwa sababu gazeti limekufungia maandazi, ngoja nikueleze haraka. Naitwa Violet. Naandika blogu ya filamu inayoitwa Kiti cha Nyuma. Naiandika peke yangu, chumbani kwangu Kaloleni. Sina bosi wala mdhamini, na kwa miaka sita sikuwahi kunywa hata soda ya mtengeneza filamu. Filamu ikiwa mbovu nilisema mbovu. Ikiwa nzuri nilisema pia, ingawa hilo lilitokea mara chache.

Mdomo huo ndio ulioniponza. Direkta mmoja wa hapa Arusha, Oscar, alitoa filamu yenye mazishi ambayo kaburi lake liliwafika wachimbaji magotini. Nikaandika hivi: "Kaburi la Oscar lina kina cha tuta la viazi. Marehemu akikohoa tu, yuko nje."

Watu walicheka mpaka Mbeya. Oscar hakucheka. Mwaka mmoja baadaye alinifuata akaniambia, "Sista, safari hii nataka kaburi la kweli. Futi sita, kwenye makaburi ya familia, migombani. Na wewe ndiye utakayenitafutia."

Sikuwa nimezoea kusikilizwa. Kichwa kikavimba. Nikaenda nyumbani Akheri kumwomba baba yangu, Mwalimu Kaanaeli, mstaafu, atoe shamba lake. Akakubali kwa sharti moja: kaburi likishachimbwa lisirudi tupu, maana kaburi lililofukiwa tupu humwita mtu wa ukoo. Kama hakuna maiti, uzikwe mgomba. Ndivyo walivyofanya baba zake, na ndivyo angefanya yeye.

Siku kumi na mbili baada ya filamu kupigwa, baba alianguka akipalilia kahawa. Kiharusi. Wiki iliyopita niliishia pale daktari alipotoka wodini, na shangazi yangu Anna badala ya kumtazama daktari akanitazama mimi na kuniuliza, "Violet, ule mgomba mliuzika?"

Leo naungama yale niliyoyaruka.

Siku ya kupiga picha baba hakutaka kuwepo. Aliamka mapema akavaa kofia yake ya kwendea kanisani.

"Nakwenda kwa Anna, Sokon One," akasema. "Kaburi linachimbwa na hakuna aliyekufa. Mimi sina macho ya kutazama kitu kama hicho."

Kabla hajaondoka aliukata mgomba mwenyewe. Akauburuta mpaka makaburini, akaulaza kando ya msalaba wa babu.

"Huu hapa. Filamu yenu ikiisha, kabla jua halijazama, huu uingie. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Sema ulichoelewa."

"Kaburi halirudi tupu."

"Rudia."

Nikarudia, mwanamke wa miaka thelathini na nne, kama mtoto wa darasa la pili. Akaridhika akaondoka.

Kazi ilikwenda vizuri, tena vizuri mno. Mama mjane wa kwenye filamu alilia mpaka majirani nao wakalia, wakisahau kwamba wamekuja kushangaa tu. Jeneza lilikuwa la kuazima, kwa hiyo lilishushwa, likapigwa picha, likatolewa. Kikabaki kipande cha mwisho, cha kaburi kufukiwa.

Hapo wingu la mlimani likaanza kushuka.

"Mgomba uingie kwanza," nikamwambia Oscar.

Akachungulia kwenye kamera. "Sista, utaonekana. Kamera iko juu, inaangalia shimoni. Mtu atauliza, hawa wanazika ndizi?"

"Basi tupige hiki, halafu vijana wafukue kidogo tuuweke."

"Wafukue saa ngapi? Gari linatakiwa mjini. Na mwanga ndio huo unaondoka." Kisha akaniletea maneno yangu mwenyewe. "Si wewe uliyeandika kwamba filamu zetu hazina ukweli?"

Ndugu msomaji, nimeshayatafuta maneno ya kujitetea kwa wiki kadhaa sasa na sijayapata. Hakunitisha. Hakunihonga. Alinisifu tu kwa mlango wa nyuma, na mimi nikaingia.

"Fukieni," nikasema.

Wakafukia. Wakapakia vyombo, wakapanda gari, wakaenda zao.

Nilibaki na jembe. Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilichimba mpaka udongo ukanifika kwenye vifundo vya miguu, viganja vikatoka malengelenge. Kisha simu ikaanza kulia. Nilikuwa nimeweka picha moja kwenye blogu mchana, na watu walikuwa wanaigombania. Nikakaa juu ya lile tuta kusoma maoni. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limeshazama.

Nikaukatakata mgomba nikampa ng'ombe.

Baba aliporudi aliniuliza uani, hata kofia hajavua. "Mmeuzika?"

"Tumeuzika, baba."

Akaniwekea mkono kichwani akaniombea kwa Kimeru, maombi marefu, ya kunitakia kazi njema na watoto. Alipomaliza sikuweza kuitikia amina. Nikajikohoza.

Na kwa kuwa mjinga hana siku moja, kesho yake niliweka kwenye blogu video niliyoirekodi kwa simu wakati kaburi linafukiwa. Niliipa kichwa cha habari kikubwa: "Hivi ndivyo kaburi la kweli linavyofukiwa." Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Mimi ninayejifanya kuona kila kosa kwenye filamu za watu, saa mkononi mwa chifu wa kale, waya wa umeme juu ya nyumba ya nyasi, sikuuona mgomba uliolala kwenye kona ya video yangu mwenyewe.

Sasa turudi hospitali.

"Violet, ule mgomba mliuzika?" shangazi akauliza tena.

Daktari alikuwa bado amesimama. Alikuwa ametueleza kwamba ni presha, ya siku nyingi, na kwamba tumshukuru Mungu tumemwahisha. Upande wa kulia umelala, ulimi mzito, lakini akili ipo na anaweza kupata nafuu asipopata mshtuko mwingine. Nilimwelewa. Nimesoma. Najua mgomba haupandishi presha ya mtu.

Lakini nilijua pia kwamba baba yangu hajui hivyo. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: apone, na asijue.

"Tuliuzika, shangazi," nikasema. "Mimi mwenyewe nilikuwepo."

Shangazi akashusha pumzi. "Afadhali. Wazee walikuwa wameanza kuulizana. Ngoja niwapigie."

Akawapigia pale pale. Nikamsikia akimwambia baba mkubwa Elinami, msimamizi wa ukoo wetu, "Mtoto amesema ameuzika kwa mkono wake." Sikusema kwa mkono wangu. Uongo ukishatoka mdomoni huwa unanenepa njiani wenyewe.

Niliruhusiwa kumwona baba kwa dakika chache. Akanishika kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Akahangaika na ulimi mpaka likatoka neno moja.

"Mgo... mba?"

"Upo, baba. Umelala kaburini."

Akafumba macho. Uso wake ukalegea, akapata usingizi. Mama alinong'ona kwamba tangu aanguke hakuwa amelala hivyo. Nikatoka nje nikalia mpaka mlinzi akanisogezea kiti chake.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa siku mbili.

Alhamisi asubuhi nilifungua blogu nikakuta maoni ya mtu asiyejitaja jina: "Mimi ni Mmeru niko mbali na nyumbani. Tazameni dakika ya tatu. Mgomba uko pembeni, shimo linajaa. Hawa watu hawana wazee?"

Kwa miaka sita sijawahi kufuta maoni ya mtu. Nimetukanwa kwa rangi zote, nimeitwa mchawi wa filamu za nyumbani, na yote nikayaacha, kwa sababu niliamini anayesema ukweli hana haja ya kufuta. Hayo nikayafuta. Kisha nikaifuta na video. Kisha nikakaa kitandani nikiitazama ile nafasi tupu iliyobaki, na nikajua kwamba Kiti cha Nyuma kimekufa. Hakuna aliyekiua ila mimi.

Na ningekuwa nimefaidika basi! Maji yalikwisha kumwagika. Video ilikuwa imeshachukuliwa na watu, na saa sita mchana ikaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, lenye ndugu mia moja na kitu, kuanzia Nkoaranga mpaka Marekani. Aliyeituma aliikata vizuri, ikaanzia pale pale dakika ya tatu. Jina la babu msalabani linasomeka. Sauti yangu inasikika: "Fukieni."

Hakuna aliyeandika kitu chini yake. Ndugu mia moja na kitu, na hakuna hata mmoja aliyesema neno. Mngejua jinsi kimya hicho kilivyoniuma.

Nikampigia Oscar.

"Oscar, nakuomba. Njoo Jumamosi nyumbani, simama na mimi mbele ya wazee. Sema mwanga ulikuwa unaondoka. Sema chochote."

"Pole sana, sista. Mzee anaendeleaje?"

"Yuko vilevile. Utakuja?"

"Sasa nisikilize." Sauti yake ikachangamka. "Umeona hiyo klipu inavyotembea? Hii ni kiki ya bure! Filamu inatoka mwezi ujao, na nchi nzima inaongelea kaburi letu. Usiifute tena. Tena ukiandika wewe mwenyewe kwenye blogu, kwa uchungu ule ule, watu wata..."

"Oscar, ni baba yangu."

"Najua. Ndiyo maana itawagusa."

Jioni ile ile akaweka tangazo mtandaoni: "Filamu iliyochimba kaburi la kweli. Mwenye shamba yuko mahututi." Chini ya maneno aliweka picha ya nyumba yetu, mlango wa bluu, na kiti cha baba barazani.

Nilitaka kumchukia peke yake. Ingekuwa rahisi. Lakini kila nilipoisikiliza ile klipu, anayesema "fukieni" si Oscar.

Jumamosi asubuhi wazee wa ukoo walikuwa wamekaa barazani kwetu. Mama alikuwa hospitali na baba. Nilipiga magoti nikasalimia.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba," wakaitikia wawili. Wengine walikuwa wanatazama viatu vyao.

Baba mkubwa Elinami ni mzee wa kanisa, mtu wa Kilutheri hasa, asiyependa mchezo na Jumapili. Nilidhani labda atasema haya ni mambo ya kale, tuombe yaishe. Mnaona jinsi mtu anayezama anavyoshika hata nyasi.

"Violet, uliuzika mgomba?"

Shangazi Anna alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Sikuweza kumtazama.

"Hapana, baba mkubwa."

"Uliupeleka wapi?"

"Nilimpa ng'ombe."

Mzee mmoja alitoa mguno kama mtu aliyejigonga kidole. Shangazi akajifunika uso kwa kanga.

"Na baba yako ulimwambia nini?"

"Nilimwambia tumeuzika."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Mara ya pili alikuwa kitandani, hospitali."

Nikalia. Nikawaambia yote, jembe, simu, maoni niliyofuta, usingizi alioupata kwa uongo wangu. Nikawaambia nilitaka apone. Hakuna aliyenibembeleza, na sikustahili.

Baba mkubwa alisubiri nimalize. "Mimi siabudu mgomba," akasema. "Mgomba ni chakula cha ng'ombe, hapo hukukosea. Lakini baba yako alikupa neno lake ulilinde. Ukalifanyia nini? Ukaligeuza sinema."

Akainuka. "Kaburi lifukuliwe leo. Aliyeahidi ndiye atakayeuweka, kwa mikono yake, akiwa shimoni. Halafu tutaomba, halafu utakwenda hospitali umwambie baba yako ukweli. Akikusamehe, akusamehe. Asipokusamehe, sisi hatuna la kuongeza."

"Daktari amesema asipate mshtuko," nikasema.

"Daktari hakukulea."

Shangazi akadakia, kwa sauti ya kuvunjika, "Asiambiwe! Kaka yangu aachwe hivyo hivyo. Violet auzike huo mgomba, tunyamaze wote."

"Tumeshanyamaza vya kutosha kwenye hilo kundi la simu," akasema baba mkubwa.

Wakaanza kuchimba. Udongo ulikuwa bado mlaini, chepe zikaingia bila shida. Mimi nilikwenda kuukata mgomba. Nilichagua ulionyooka, ulioshiba maji. Nikaukumbatia kifuani nikaubeba mpaka makaburini, utomvu ukinitiririkia mikononi. Kwa mara ya kwanza tangu baba aanguke nilihisi kuna kitu ninachoweza kufanya.

Wakamaliza. Futi sita, kuta zimenyooka. Baba mkubwa akavua kofia.

"Ingia," akaniambia.

Nilikuwa naketi ukingoni nishuke, ndipo simu ya shangazi ilipolia.

"Ni mama yako," akasema. Akasikiliza. Nikamwona akishika msalaba wa babu ili asianguke. "Nani kamwonyesha? ... Mgonjwa wa kitanda cha pili? ... Wewe ulikuwa wapi?"

Miguu yangu ilikuwa inaning'inia shimoni.

Shangazi akaweka sauti kubwa. Mama alikuwa analia, maneno yanagongana. Mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa wa jirani alikuwa anachezesha klipu kwenye simu, akacheka, akamgeuzia baba akamuuliza, "Mzee, si wewe huyu mwenye kaburi la sinema?" Baba ameitazama yote. Ameirudia mara mbili.

"Anataka kuongea na Violet," mama akasema.

Kwanza tulisikia pumzi tu. Kisha ikaja sauti ya baba, nzito, kila neno likiburutwa, lakini maneno yote yalikuwepo. Mshtuko ule ambao daktari aliuogopa ulikuwa umemrudishia ulimi.

"Violet."

"Baba. Baba, nisamehe. Tunaufanya sasa hivi, wazee wote wako hapa, mgomba ninao..."

"Wamechimba?"

"Ndiyo, baba."

"Futi sita?"

"Sita, baba."

Akapumua. Baba mkubwa alikuwa amesogea, kofia mkononi.

"Usiuweke," baba akasema. "Kaburi halirudi tupu. Mimi nakuja."

Kabla sijaelewa, mama akarudi kwenye simu. "Ameng'oa dripu. Amekataa dawa, amekataa kila mtu. Daktari amembembeleza, wapi! Ameweka dole gumba kwenye karatasi kwamba anaondoka kwa hiari yake. Elinami, uko hapo? Tuko kwenye gari, tumeshakata kona ya Tengeru. Amesema mkifukia hilo shimo, mkilifukia kabla hajafika, hatamwita Violet mtoto wake tena."

Simu ikakatika.

"Fukieni!" shangazi akapiga kelele. "Weka huo mgomba, wewe mtoto, ruka! Akikuta shimo wazi atalala humo, namjua kaka yangu!"

"Mwenye shamba ameshasema," akasema mzee mmoja.

"Mwenye shamba anaumwa!"

Wote wakamgeukia baba mkubwa, ili aamue. Akanigeukia mimi.

"Ahadi ni yako," akasema. "Na baba ni wako."

Nikiuweka, nampa miaka ya kuishi bila mimi. Nisipouweka, namkabidhi kaburi nililomchimbia mwenyewe.

Honi ikalia barabarani, chini ya shamba. Nilikuwa bado nimekaa ukingoni, miguu ndani, nimeukumbatia ule mgomba.